Vashti Hakufukuzwa na Mtu Mmoja

SOMO LA WIKI HII
Masomo: Esta 1:1-22, Esta 2:1-4, Mathayo 1:18-25, Mithali 31:1-9
Andiko la kukariri: Mithali 31:8-9



Kitabu cha Esta tunakipenda kwa sababu ya Esta mwenyewe. Tunahubiri jinsi alivyofunga siku tatu, jinsi alivyoingia kwa mfalme bila kuitwa, na jinsi Mungu alivyowaokoa watu wake kwa mkono wa msichana yatima. Katika makanisa yetu ya Kisii na Nyamira akina Esta hawakosi. Lakini ni nani umewahi kusikia akibatizwa jina la Vashti? Sura ya kwanza tunaipita mbio, kama matatu iliyojaa inavyopita steji. Tunataka kufika kwa Esta.

Wiki hii tusimame pale kwanza. Kabla Esta hajavikwa taji, kuna mwanamke mwingine aliyevuliwa taji hilo hilo. Tukisoma vizuri tutaona kwamba mfalme hakumwondoa mke wake peke yake. Alisaidiwa. Na hao waliomsaidia ndio wanaotuhusu sisi.

1. MAMBO YALIVYOTOKEA

Mfalme Ahasuero alitawala majimbo 127, kutoka Bara Hindi hadi Kushi. Wanahistoria wengi wanamtambua kuwa ndiye Xerxes wa Kwanza, aliyetawala Uajemi kuanzia mwaka 486 hadi 465 kabla ya Kristo. Mji wake, Shushani, magofu yake yako hadi leo kusini magharibi mwa Iran.

Katika mwaka wa 3 wa kutawala kwake aliwaita wakuu na majemadari akawaonyesha utajiri wake kwa siku 180. Hiyo ni miezi sita mizima! Zilipokwisha, akaongeza karamu ya siku 7 kwa watu wote wa Shushani, mkubwa kwa mdogo. Divai ilikuwa tele. Wakati huo huo malkia Vashti alikuwa amewaandalia wanawake karamu yao ndani ya jumba la kifalme. Tia alama hapo katika Biblia yako: mama huyu hakuwa amekaa bure. Alikuwa na wageni wake.

Siku ya 7, mfalme akiwa amechangamka kwa divai, akawatuma watumishi 7 wamlete malkia akiwa na taji kichwani, watu wauone uzuri wake. Fikiria kidogo. Ameshaonyesha dhahabu, ameshaonyesha vitanda vya thamani na mapazia, na sasa anataka kuonyesha mke. Vashti akakataa kuja. Mfalme akaghadhibika sana.

Basi jiulize: kati ya hawa wawili, nani alikuwa amelewa? Na ni nani atakayeadhibiwa?

2. JAMBO LA CHUMBANI LAPELEKWA KWENYE KAMATI

Mfalme hakwenda kuongea na mke wake. Hakusema, "Wacha nilale, tutaongea asubuhi." Akiwa bado na hasira aliwageukia washauri wake 7, akawauliza malkia afanywe nini kwa mujibu wa sheria.

Hapo ndipo anasimama mtu anayeitwa Memukani. Msikilize vizuri, maana huyu mtu bado yuko hai katika mitaa yetu. Memukani anasema Vashti hakumkosea mfalme peke yake, amewakosea wakuu wote na watu wote wa majimbo yote. Habari hii ikitoka nje, anasema, kila mwanamke atamdharau mumewe. Kwa hiyo Vashti asiingie tena mbele ya mfalme, cheo chake apewe mwingine aliye mwema kuliko yeye, na iandikwe katika sheria ya Waajemi na Wamedi isiyobadilika.

Umeona alichofanya? Amechukua ugomvi wa nyumba moja, wa usiku mmoja, akaufanya kuwa vita ya wanaume wote na wanawake wote. Ugomvi wa watu wawili ungeweza kupatana. Ukishaufanya wa majimbo 127, nani atapatanisha? Barua zikaandikwa kwa kila jimbo na kwa kila lugha. Kama Gusii ingekuwa chini ya Ahasuero, tungeipata ya kwetu kwa Ekegusii.

Sasa wahesabu wale washauri 7. Mmoja amechochea. Wengine 6 je? Biblia inasema neno lile liliwapendeza mfalme na wakuu. Hakuna aliyeuliza, "Mama mwenyewe anasemaje?" Hakuna aliyesema, "Ee mfalme, tungoje kesho." Vashti alihukumiwa bila kuwepo, na bila mtu hata mmoja wa kusema kwa niaba yake.

Halafu soma Esta 2:1. Hasira ya mfalme ilipotulia, akamkumbuka Vashti, na yaliyoamriwa juu yake. Wapendwa, hasira ilikwisha lakini amri haikwisha. Aliyoyasema akiwa na divai kichwani yalikuwa yameshatiwa muhuri. Watumishi wake walipoona amekumbuka, hawakusema, "Mrudishe." Walisema atafutiwe wasichana. Ni rahisi zaidi kumletea mtu mke mpya kuliko kumwambia alikosea.

Katika miaka hiyo hiyo, kati ya kuondolewa kwa Vashti na kuvikwa taji kwa Esta, Xerxes alikwenda kupigana na Wayunani, na mwaka 480 kabla ya Kristo merikebu zake zikashindwa vibaya huko Salamis. Mtu aliyezungukwa na wanaosema "ndiyo" tu, mwisho wake hupotea njia nyumbani na hupotea njia vitani.

3. WALIOKUJA BAADAYE NA MANENO

Kwa nini Vashti alikataa? Biblia haisemi. Katika sura nzima hakuna hata neno moja lililotoka kinywani mwake ambalo limeandikwa.

Watu hawapendi kimya. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walijaza nafasi hiyo kwa hadithi: kuna waliosema alishikwa na ukoma siku ile, kuna waliosema aliota mkia, na kuna waliosema alikuwa akiwatesa wasichana wa Kiyahudi kwa kuwafanyisha kazi siku ya Sabato. Kwa maneno mengine, walimtafutia dhambi inayolingana na adhabu aliyokwisha kupewa. Wahubiri nao hawakubaki nyuma. Mara ngapi umesikia mahubiri yanayosema Vashti alikuwa na kiburi? Sura ya kwanza haisemi hivyo. Aliyesema ni kosa ni Memukani, na Memukani si nabii.

Siku hizi waandishi wa riwaya za kihistoria nao wameingia, na wengi wamemgeuza Vashti kuwa shujaa, wakampa mawazo na maneno marefu. Ni sawa, maana riwaya ina ruhusa ya kubuni, na mwandishi anakuambia mapema kwamba hii ni riwaya. Shida ni pale sisi tunapobuni riwaya juu ya jirani yetu halafu tunaisimulia kama ushuhuda. "Unajua yule mama alifukuzwa kwa nini? Nimesikia..." Nani kakwambia? Ulikuwepo?

Mfalme alipomwondoa Vashti alimnyang'anya taji. Waliokuja baadaye walimnyang'anya jina.

4. MALKIA MWINGINE, HAPA PWANI YETU

Usidhani haya ni ya Biblia tu. Uajemi ilimtoa binti mwingine wa kifalme ambaye naye aliolewa, akaachwa, na akasemwa. Huyu aliletwa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Katika miaka ya 1840 Sultani Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, alimwoa Sheherazade, binti wa ukoo wa wafalme wa Uajemi. Ukienda Unguja leo, nje ya mji, utaonyeshwa hamamu za Kidichi zilizojengwa mwaka 1850. Wenyeji watakuambia Sultani alizijenga kwa ajili ya mke wake huyo, na kuta zake zina nakshi za mtindo wa kwao Uajemi. Mtu hajengi nyumba ya namna hiyo kwa ajili ya mke asiyempenda. Lakini kabla Sultani hajafa mwaka 1856, Sheherazade alikuwa ameshapewa talaka na kurudi kwao.

Habari zake tunazipata kwa nani? Sana sana kwa mtu mmoja: Salme, binti wa Sultani kwa mama mwingine. Salme alizaliwa mwaka 1844, kwa hiyo wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Aliandika kitabu cha maisha yake kikachapishwa Ujerumani mwaka 1886, miaka mingi baadaye. Anasimulia kwamba Sheherazade alikuwa mrembo sana, mwenye kutumia mali ovyo, aliyepanda farasi na kwenda kuwinda mchana watu wakimwona, jambo ambalo wanawake wa Kiarabu hawakulifanya. Anasema nguo zake zilishonewa lulu, na lulu zikianguka aliwaachia watumishi waziokote. Anasema pia kwamba hakuwa mwaminifu katika ndoa.

Huenda ni kweli, huenda si kweli. Ninachotaka uone ni hiki: anayetusimulia ni mtoto wa mama mwingine, aliyeyasikia kwa watu wazima wa nyumba ile. Sheherazade mwenyewe hakuulizwa. Kosa lake la kupanda farasi, kwao Uajemi lisingekuwa kosa. Ajabu ni kwamba Salme naye alikuja kutengwa na ukoo wake alipoondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Yeye alipata nafasi ya kuandika upande wake. Sheherazade hakuipata.

Lakini katika simulizi hiyo ya Salme kuna jambo moja ambalo ndilo kiini cha somo letu. Anasema siku moja Sultani alikasirika mno, akakaribia kumuua mke wake. Mtumishi mmoja mwaminifu akaushika mkono wa bwana wake, akamzuia. Kwa tendo hilo, anasema, mtumishi yule alimwokoa mama na kifo, na akamwokoa Sultani na dhambi kubwa.

Hatupewi jina la mtumishi huyo. Hakuwa waziri wala mshauri. Angeweza kuuawa yeye. Lakini aliushika mkono. Sasa linganisha majumba mawili. Kule Shushani kulikuwa na wenye hekima 7, na hakuna hata mmoja aliyeushika mkono wa mfalme. Kule Unguja kulikuwa na mtumishi mmoja, na alitosha.

Swali la wiki hii ni hili: wewe ni nani? Ni Memukani, au ni yule mtumishi?

5. TURUDI NYUMBANI, GUSII

Sisi Abagusii hatukuwa na mfalme mmoja juu ya Gusii yote. Lakini kila mwanamume ana boma lake, na huko bomani si anajiona mfalme kidogo? Kwa hiyo Esta sura ya 1 inatufaa, kutoka Ogembo hadi Nyansiongo.

Zamani ndoa haikuwa ya watu wawili. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya msichana ndio kaka yake aliowatumia kuoa. Dada akirudi kwao na ng'ombe wakidaiwa, ndoa ya kaka nayo inatikisika. Mwanamke aliyefanyiwa enyangi alivaa ebitinge miguuni, zile pete za chuma, na kila aliyemwona njiani alijua huyu ni mke wa mtu kwa taratibu zote. Kumwondoa hakukuwa jambo la usiku mmoja. Ungegusa koo mbili, na wazee wangekaa wasikilize.

Hatusemi ya kale yote yalikuwa mazuri. Kuna akina mama waliosukumwa warudi kwenye kipigo ili tu ng'ombe wasirudishwe. Kaka anayemwambia dada "vumilia" kwa sababu ya ng'ombe wake, huyo pia ni Memukani wa aina nyingine. Lakini angalau kulikuwa na kikao.

Leo ndoa nyingi ni za "alikuja tu". Hakuna ng'ombe, hakuna cheti, hakuna ibada. Mama anakaa miaka 15, anazaa watoto 4, anajenga. Siku mambo yakiharibika anaambiwa, "Kwani wewe nani alikuoa?" Cha kusikitisha ni kwamba mama huyo huyo akifa, ndipo wazee wanakaa chini na mwili ukiwa mochari, wanabishana juu ya ng'ombe kabla ya kuzika. Akiwa hai hakuwa mke. Akifa amekuwa mke. Je, hiyo ni haki?

Tuchukue mfano. Mama anaamka alfajiri kila siku kuchuma majani chai, anayabeba hadi kituo. Nambari ya majani iko kwa jina la bwana. Bonasi inaingia. Bwana anashuka mjini, na pesa inaishia huko. Anaporudi anaulizwa karo ya watoto. Neno moja, la pili, na usiku huo vitu vya mama vinatolewa nje.

Asubuhi watu wanakuja. Shemeji anasema, "Huyu ametuzidi, ataharibu wake zetu wote." Umemsikia Memukani? Rafiki wa bwana anasema, "Achana naye, wasichana ni wengi." Hao ndio wale watumishi wa Esta sura ya 2. Jirani anasema, "Lazima kuna kitu alifanya, mtu hawezi kufukuzwa bure." Huyo ndiye mwenye hadithi ya mkia. Mama anarudi kwao, na kaka zake wanamuuliza atalima wapi, maana shamba lenyewe limegawanywa hadi limekuwa vipande.

Na sisi kanisani? Jumapili tunamwondoa katika uongozi wa akina mama "hadi mambo yake yatulie". Bwana yake bado ameketi kiti cha mbele. Wapendwa, hapo kanisa limetia muhuri wa mfalme.

6. YUSUFU ALIYELALA NA JAMBO LAKE

Biblia inatupa mwanamume mwingine aliyekuwa na sababu kubwa kuliko ya Ahasuero. Soma Mathayo 1:18-25. Yusufu anagundua mchumba wake ana mimba, na anajua haikutoka kwake. Katika sheria alikuwa na njia ya kumwaibisha Mariamu hadharani.

Angalia alichofanya. Kwanza, hakutaka kumwaibisha. Pili, hakuita kamati. Tatu, alikuwa bado anayafikiri mambo hayo alipolala, na usingizini malaika wa Bwana akamfikia. Laiti angeamua kwa hasira jioni ile, malaika angemkuta ameshamaliza! Mungu alipata nafasi ya kusema kwa sababu Yusufu alimpa usiku mmoja.

Ndugu mwanamume, usiamue jambo la ndoa yako ukiwa na hasira au kilevi. Mama yake mfalme Lemueli alimwonya mwanawe juu ya jambo hilo hilo katika Mithali 31:4-5: wafalme wasinywe, wasije wakaisahau sheria na kupotosha haki ya wanaoteswa. Kisha katika mstari wa 8 na wa 9 anamwagiza afungue kinywa kwa ajili ya wasioweza kujisemea. Watu wengi wanaijua Mithali 31 kuanzia mstari wa 10, habari za mke mwema. Kumbe sura hiyo inaanza na mafundisho kwa mfalme! Ukitaka mke wa mstari wa 10, uwe kwanza mume wa mstari wa 4.

Je, tunasema mke hawezi kukosea? La. Wako wanawake wanaobomoa nyumba zao, na wako wanaume wanaoumizwa na kunyamaza kwa aibu. Nao wasikilizwe vile vile. Mithali 18:17 inatufundisha kwamba anayeanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumhoji. Na Malaki 2:14-16 inasema Bwana mwenyewe ni shahidi kati ya mtu na mke wa ujana wake. Siku ulipooa, Mungu alikuwa upande wa mashahidi.

7. KWAKO WEWE ULIYEACHWA

Pengine unasoma somo hili ukiwa umerudi kwa wazazi, au umepanga chumba kimoja sokoni na watoto. Sikia.

Hajiri alifukuzwa nyumbani kwa Ibrahimu, mtu wa imani, akapewa mkate na kiriba cha maji (Mwanzo 21). Maji yakaisha. Lakini Mungu alisikia sauti ya mtoto pale jangwani, akamwonyesha mama kisima. Mungu hakubaki hemani na waliobaki tu, alimfuata aliyetolewa. Kufukuzwa kwako si ushahidi kwamba Mungu amekukataa.

Na ikiwa uliondoka kwa sababu ya kipigo au vitisho, usiruhusu mtu akuambie umevunja nyumba. Aliyeivunja ni aliyeinua mkono. Kumsamehe hakukulazimu kurudi mahali ambapo utauawa.

8. MAMBO YA KUFANYA

Imani bila matendo imekufa, kwa hiyo tuondoke na haya.

Kwa wazee wa kanisa na wa ukoo: msiamue juu ya mtu ambaye hayupo. Iteni pande zote mbili, na kila upande uje na mtu wa kusimama naye. Mkimwondoa mama katika huduma kwa sababu ya ugomvi wa ndoa, jiulizeni kama mumemwondoa na baba.

Kwa marafiki na ndugu: mtu akija kwako na hasira, kazi yako ni kuushika mkono. Mwambie alale. Mwambie hapana. Atakukasirikia leo, na atakushukuru mbele.

Kwa sisi sote: usibuni sababu. Kama hujui, sema, "Sijui," kisha peleka unga.

Kwa wanandoa: ijueni sheria. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inasema kwamba ndoa ikiwa bado ipo, mmoja hawezi kumfukuza mwenzake katika nyumba yao ya ndoa bila amri ya mahakama. Sheria hiyo inahesabu pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango wa mtu katika mali. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinawapa mume na mke haki sawa ndoa inapoanza, inapoendelea na inapovunjika. Lakini mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Upeo ilieleza kwamba usawa huo si kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kwa hiyo, mama, weka risiti zako na karatasi za majani chai. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inazitambua ndoa za kimila na inataka ziandikishwe. Wewe uliyekaa miaka mingi bila cheti, nendeni mkaandikishe mkiwa bado mnapendana.

Kwa aliye hatarini usiku huu: nenda kwa jirani, kwa chifu, kituo cha polisi au hospitali. Nambari 1195 ni ya bure kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Esta 1:13-22, taja kila mtu aliyehusika kumwondoa Vashti. Kila mmoja alifanya nini, au aliacha kufanya nini?
2. Ni jambo gani tumekuwa tukilisema juu ya Vashti ambalo halimo katika sura hiyo?
3. Ugomvi wa ndoa ukifika kwa ukoo wako, nani huwa anasikilizwa kwanza? Nani hasikilizwi kabisa?
4. Je, kuna mama au baba wa kanisa letu aliyeacha kuja tangu ndoa yake ilipoharibika? Ni nani kati yetu atakwenda kumwona kabla ya Jumapili?

SALA

Baba Mungu, umetuona tukikaa katika mabaraza na kusema ndiyo wakati tulipaswa kusema hapana. Waponye waliotolewa nje usiku. Watulize wenye hasira kabla hawajatia muhuri. Tupe mikono ya yule mtumishi wa Unguja, ishike kwa wakati, hata kama jina letu halitaandikwa. Tufundishe kufungua vinywa kwa ajili ya asiyekuwepo. Katika jina la Yesu. Amina.